Shuka la Jumamosi

Saa kumi alfajiri, Maramureş yote imevuta theluji hadi kidevuni,
nafungua kinywa cha tanuru.
Chuma kimenuna, baridi kama mtu aliyesusa mezani.
"Usimharakishe," baba alizoea kusema,
"moto wa pupa hupasua mabomba."
Basi natanguliza fito za msonobari,
halafu vipande vya mwaloni vilivyokauka misimu miwili,
halafu nakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nangoja.

Mshale wa geji haujali kwamba tiketi sitini zimeshauzwa.

Jina lake Bivoliţa: nyati jike.
Wakata magogo ndio waliombatiza, kabla sijazaliwa,
kwa kuwa hakuwahi kuukubali mlima bila kufoka.
Kwanza tumbo linanguruma.
Kisha tone la maji moto linanidondokea shingoni,
kisha mvuke, shii, kwenye kila kiungo kinachovuja,
nami najua yu macho.

Dumitrana, dereva wetu, anazunguka na kopo la mafuta,
anampaka fundo kwa fundo kama anayemkanda mzazi.
Ni mhasibu mjini, siku tano huvaa viatu virefu;
siku ya sita hujilipia nauli
aje achafuke nasi bure.

Baba hakuchafuka bure.
Gavrilă, mfunga breki, miaka thelathini na mmoja,
aliacha vidole viwili kati ya mabehewa ya magogo
siku ya barafu, akafunga kitambaa, akamaliza zamu.
Abiria wakiniuliza, "Zamani ilikuwa tamu, eti?"
nawaonyesha mto, nawaonyesha kulungu,
mdomo wangu unasema ndiyo,
vidole vyangu kumi vinakaa kimya.

Lakini nikisema simpendi, masizi yatanisuta.

Kona ya kilomita ya tisa,
nyumba ya Paraschiva na reli ni pua na mdomo.
Utotoni mwangu alikuwa adui wa kila injini.
Akianika tu, Bivoliţa huyo,
cheche zinatoboa foronya,
mashuka ya harusi yanageuka rangi ya paka.
Alimlaani kwa majina ya watakatifu mpaka treni ikakata kona.
Baba alimpungia mkono wa vidole vitatu, akacheka.

Kisha malori yakaja. Kisha mafuriko yakang'oa daraja.
Miaka kumi na mitatu reli ililiwa na magugu,
Bivoliţa kasimama bandani,
kuku wakitaga ndani ya tanuru lake.

Tulipomfufua (pesa za kuchangishana, bomba la kuokota,
fundi wa miaka themanini aliyesikiliza boila kwa kikombe)
nilikwenda kwa Paraschiva kuomba radhi mapema.
Alikuwa akisonga ugali wa njano.
Hakunitazama. Akasema:
"Miaka kumi na mitatu nguo zangu ni nyeupe.
Nyeupe pe.
Na miaka kumi na mitatu ugali wangu unaungua,
sijui saa sita inapita lini."

Sasa filimbi, mara mbili. Mlima unajibu mara tatu.
Watoto wa Bukaresti wanaziba masikio, wanataka tena.
Tunaingia kona.

Na pale, katikati ya theluji,
siku ambayo hakuna mwenye akili zake angeanika nguo,
kamba imefungwa, na juu yake shuka,
moja tu, jeupe,
limekakamaa kwa barafu kama mlango.

Dumitrana anapunguza mwendo bila kuambiwa.
Natafuta gogo bichi kuliko yote, nalitupa motoni,
na moshi unashuka mzito, mweusi, wa kale.

Paraschiva ametoka na mwiko mkononi.
Anatutukana mtakatifu kwa mtakatifu,
hajasahau hata mmoja,
nami nampungia mkono,
vidole viwili nimevikunja.