Mbuzi Aliyekataa Kusukumwa

Ijumaa jioni, Mbale,
ghorofa ya pili, juu ya duka la saruji,
wakaandika neno moja ubaoni: MZIGO.
Saa arobaini na nane, wakasema, mtuletee mchezo mzima.
Wakagawa mandazi, wakatuacha.

Tulikuwa watatu.
Okiror mchoraji, na blanketi lake.
Khaukha wa sauti, aliyeazima kinasasauti cha kwaya
akaapa kukirudisha kabla ya misa ya kwanza.
Na mimi, Nambozo, wa programu,
niliyemuaga mama kwamba nakwenda mkesha.
Sikusema uongo. Mkesha ni mkesha.

Wazo lilikuwa jepesi:
bwana harusi ana mbuzi sita wa mahari,
awasukume mmoja mmoja mpaka zizini.
Ukimbana mbuzi kwenye kona, umekwisha, anza upya.
Shangazi wa bibi harusi yuko kwenye kigoda, anahesabu.
Rahisi, tukasema.
Saa ya kwanza kila kitu ni rahisi.

Khaukha akashuka sokoni kunasa sauti za mbuzi.
Mbuzi wa Mbale, siku hiyo, hawakuwa na la kusema.
Akarudi, akajifungia chooni penye mwangwi,
akalia mwenyewe,
mara kumi na saba, mpaka mlinzi akagonga mlango
akauliza kama kuna mgonjwa.

Saa sita usiku umeme ukakatika.
Mlima Wanale ukabaki kivuli kinene juu ya mabati.
Kompyuta yangu: asilimia kumi na moja.
Niliandika kama mtu anayekula kwenye sahani ya kuazima,
bila kutafuna,
na mahali fulani kati ya nane na tano
kidole kikaweka alama ya kutoa
palipotaka ya kujumlisha.

Asubuhi jenereta ya fundi viatu ikakohoa, ikakubali.
Okiror akabonyeza mshale wa kulia.
Bwana harusi akamsogelea mbuzi, akaweka mikono,
na mbuzi, taratibu, kwa heshima zote,
akamsukuma bwana harusi.
Akabonyeza tena. Mbuzi naye tena.
Suti, tai, viatu vya kuazima, vyote vikaingia zizini,
lango likajifunga,
na shangazi, kwa kuwa ndivyo nilivyomwandika,
akahesabu: "Mmoja."

Khaukha alikaa sakafuni. Okiror alifuta machozi
kwa gazeti lililofungia rolex.
Mimi nilikwisha kuliona kosa, mkono uko njiani kulifuta.
"Nambozo," akasema Okiror,
"ukiligusa hilo, sichori hata kwato."

Basi tukaliacha, tukajenga juu yake.
Ukitaka mbuzi aingie, tangulia wewe,
simama ndani, jifanye unamzuia,
kisha tafuta pa kurukia ua.
Mafumbo kumi na moja yakazaliwa hivyo, kinyumenyume.
La kumi na mbili lilikuwa shangazi:
kigoda chake kimeziba lango.

Jumapili majaji watatu walibonyeza kila kitufe.
Mmoja alivua koti.
Shangazi aliwatazama tu.
Nafuna, aliyekuja na birika la chai,
mikono yote imejaa, akachungulia juu ya bega lao:
"Kwani huyu kijana hajamsalimia?"

Wakaacha vitufe wamtazame yeye.
Pumzi kumi zikapita bila mtu kugusa kitu,
na kwenye kioo bwana harusi akapiga goti mwenyewe,
na shangazi akainuka, akakung'uta gomesi,
akasogeza kigoda.

Hatukushinda. Alishinda mtu wa Soroti,
mchezo wa magunia, mzuri, wa huzuni.
Sisi tulipewa fulana moja, saizi ya mtoto.

Kinasasauti kilirudi kanisani Jumatatu usiku.
Jumatano kwaya ikakusanyika, wamenyooka, wameshika vitabu,
mwalimu akabonyeza wausikie wimbo wa wiki iliyopita,
na Khaukha, kutoka ndani ya choo,
akawaanzishia.