Mgongo wa Tunutu

Bwana Thoya amerudisha boksi zima,
dazeni sita, na kikaratasi juu yake:
Migongo inang'aa. Mdudu si kijiko.

Haya.
Nimewasha feni, nimelifungia jua la Maweni nje,
nimemwaga mezani kila nilicho nacho.
Ndoana namba kumi imeng'atwa na jiliwa.
Tumbo tayari: sufi ya rangi ya tope,
pingili sita nimezikaza kwa waya wa shaba
niliouchomoa kwenye chaja iliyokufa.
Kilichobaki ni mgongo,
na mgongo ndio mdudu.

Huyo trauti wa mito ya Nyeri
sijawahi kumtia machoni.
Wanasema anaishi kwenye maji ya kuuma meno
na ana macho ya karani wa forodha:
hali kitu kabla hajakikagua.
Basi mimi, mtoto wa Malindi, ninayelala bila shuka,
namshonea kereng'ende ambaye bado hajaota mabawa.

Rafia ya plastiki, ya kufungia zawadi:
ikiwa kavu nzuri, kama ganda la ukwaju;
ikilowa inavimba,
inachanika kutoka mkia hadi shingo.

Glavu ya zahanati inavutika, inakumbatia,
pingili unaziona chini yake
kama mbavu za paka wa sokoni.
Lakini joto la hapa!
Wiki mbili kwenye droo imekuwa njano,
inanata, inapasuka kama kisigino.

Pakiti ya krispi ndiyo iliyotuponza.
Kijiko.

Mfuko wa nailoni ninao mmoja tu,
nimeuficha chini ya godoro tangu walipoupiga marufuku.
Mweupe mno. Niliurudisha mafichoni.

Kila kipande nakitia kwenye glasi ya maji ya kisima
na kusubiri, kwa sababu kitu kikavu husema uongo.

Ndipo Nyevu, binti wa kaka yangu,
akatoka chumbani na kaseti ya video, vumbi tupu.
"Shangazi, hii je?"
Kalamu ya wino imefifia kwenye lebo:
Harusi, Disemba 1996.
Deki yenyewe tuliiuza mwaka wa njaa.

Nilivuta utepe kwa kucha.
Upande mmoja unang'aa. Mwingine umezimika,
hudhurungi ya chai iliyosahauliwa kikombeni.
Kwa wembe, upana wake unatoa vipande vitatu.
Nikageuza upande uliozimika juu,
nikalaza mgongoni, nikazungusha uzi,
tone la gundi, nikakata.

Sijui nimekata nini.
Labda ni mama akipiga kigelegele.
Labda sufuria la pilau, au ule mbuzi uliokata kamba.
Labda ni Kazungu na tai ya kuazima,
kabla hajaenda Mombasa kwa wiki moja,
wiki ambayo hadi leo haijaisha.

Nikamtia kwenye glasi.
Hakung'aa.
Alizama polepole, akatua chini ubavu,
na kwa muda mfupi niliogopa kumgusa
nikidhani atatambaa.

Nyevu anapiga hesabu nyuma ya daftari la shule:
mkanda mita mia mbili na ushei,
mdudu mmoja sentimita mbili,
mara tatu kwa upana.
"Shangazi, hii ni zaidi ya elfu ishirini!"
Nikacheka hadi nikaushika ukingo wa meza.
Ndoa yenyewe ilitoa miaka minne.

Nimemwandikia Thoya: dazeni sita, Alhamisi.
Bei imepanda shilingi tano kwa kila mdudu.
Akiuliza sababu, nitamjibu ni mgongo,
na huo hautakuwa uongo.

Nyevu ameshika wembe, ananitazama.
"Tuanzie mwanzo?"
Anzia mwisho, mwanangu, kule kwenye hotuba.
Wajomba walisema sana siku ile.
Wakifika mtoni watanyamaza.