Sili Afika Tandala

Asubuhi ya Juni. Sakitu imelala juu ya viazi
kama chumvi iliyomwagwa na mtu mwenye hasira.
Chaki inaniteleza, vidole vimekufa ganzi.
"Leo," nasema, "mnyama ambaye hakuna hapa aliyemwona,
mimi nikiwa wa kwanza."

Sili-manyoya. Nachora masikio kwanza,
madogo, yamejikunja kama chipukizi la chai;
kwa hayo mtamtenga na jamaa zake wasio na ndewe.
Kisha mapezi manne, ambayo nchi kavu hugeuka miguu,
akapanda mwamba kwa uzito wa mpasua mbao
anayerudi na gogo la paini begani.

"Hasikii baridi?" Enesia Mahenge auliza,
naye amevaa sweta mbili, ya juu ya kaka yake.
Hapo somo linajifundisha.
Sweta ya juu ni nywele ndefu, ngumu, zinazopokea maji.
Ya ndani ni sufu nzito, laini,
imefungia hewa, bahari haiifikii ngozi.
Kwa sufu hiyo watu walimfuata na marungu.

Sisemi zaidi. Nauacha ubao utulie.

Madume hutangulia mwambani, hupigania vipande vya mawe.
"Kama mashamba ya urithi!" Lutengano adakia, darasa lacheka.
Jike huzaa mmoja, mweusi kama chungu cha jikoni,
na siku chache baadaye hupandwa tena,
lakini mimba hiyo haijishiki upesi: huelea tumboni
miezi mitatu, minne,
mbegu darini ikingoja mwezi wake.
Hili wanalijua. Hakuna anayeuliza.

Halafu mama huenda baharini kutafuta samaki.
Siku tatu. Sita. Mtoto hubaki kati ya watoto elfu.
Akirudi huita, na mmoja ndiye wake;
hujuana kwa sauti, kisha hunusana puani
wapate hakika.

Enesia, ambaye mama yake yuko Mufindi kwenye chai
tangu mavuno ya mwaka juzi,
anyoosha kidole, hakinyooki vizuri:
"Mwalimu, mtoto naye huita,
au hungoja kuitwa?"

"Huita pia."

Aandika hivyo. Apiga mstari chini, kwa rula.

Kengele inalia, ile rimu ya gari mlangoni.
Nafuta mwamba, nafuta mapezi.
Masikio yanagoma kufutika.