Unywele

Mchana, bohari ya tramu, Olomouc,
nakaza nati kubwa kama ngumi.
Usiku, mezani jikoni,
skrubu ndogo kuliko punje ya mtama
inaniponyoka. Napiga magoti, tochi mdomoni,
naisaka chini ya friji.

Shokomzoba nilizijaza mafuta mazito,
nikayamwaga, nikatia mepesi.
Difu nimeifungua mara tatu.
Matairi nimeyabandua, nikayapaka gundi upya,
nikayakesha kama mgonjwa.
Bado kigari kinavuta kushoto,
mbuzi aliyekwisha kuonja shamba la jirani.

Matouš wa ghorofa ya pili, miaka kumi na mmoja,
alikipindua, akasukuma gurudumu kwa kidole,
akatega sikio.
"Bi Zdislava, hapa pana kitu kinakohoa."

Nikaichomoa beringi.
Ndani yake, umejiviringisha kwenye ekseli,
unywele mmoja wa rangi ya chungwa.

Zrzek alikufa Oktoba.
Alizoea kulala ndani ya boksi la vipuri,
mkia juu ya rimoti,
na mimi nikimfokea: toka, paka wewe, utaniharibia kazi!

Jumapili, ukumbi wa shule, juu ya zulia,
kigari kiliruka, kikatua kwa magurudumu yote manne,
kikaenda moja kwa moja.
Wa tano kati ya tisa.
Matouš alinuna hadi kwenye kituo cha tramu.

Unywele niliutia
katika kikopo cha nati za akiba,
nikakaza kifuniko.
Fundi hatupi kitu.