Ufunguo Ndani ya Friji

Zima kiyoyozi, Haitham. Agosti hii ya Al-Khoudh,
saa mbili usiku na ukuta bado una homa,
zima tu. Friji nayo.
Ufunguo wa gari nimeuweka humo, juu ya nguru,
nisiweze kwenda popote kesho kabla sijakumbuka kuiwasha.
Mwezi jana nilisahau:
mtaa mzima ulikula samaki.

Sikio la kufa halisikii dawa, ndivyo walivyosema.
Hili nililonunua Ruwi, riali thelathini na nane
baada ya kumbembeleza Biju mpaka akaniagizia chai,
hili si la kufa. Linasikia dawa,
linasikia pampu ya maji ya jirani,
linasikia bangili za bibi yako
kabla bibi yako hajainua mkono.
Avue. Mwambie wewe, mimi ataninunia.

Nyumba hii nilijenga mwenyewe, marumaru chini hadi juu,
nikatembeza wageni chumba kwa chumba.
Kumbe nimejenga kisima.
Ukisema "a" sebuleni, inarudi na wajomba zake.
Basi tumetundika mablanketi, yale mazito
yenye simba na mawaridi, tuliyotunzwa arusini,
maana nani hapa hujifunika blanketi?
Miaka thelathini na sita yamengoja kazi kabatini.
Godoro la wageni nyuma ya mlango.
Zulia juu ya zulia.
Ghaliya akaingia, akatazama, akauliza:
"Mnanirekodi au mnanizika?"

Kisanduku chekundu, matundu mawili:
waya huu wake, ule wa udi wako.
Taa ya kijani, salama. Nyekundu, amezidi,
na yeye huzidi palepale kila siku,
kwenye ubeti wa mamake, pale penye "sikudhani".
"Rudi nyuma shibiri moja, bibie."
"Sirudi nyuma mimi."
Nikarudisha maikrofoni.

Tukaingoja adhana ya Isha ipite, tukasali,
ndipo nikavaa hedifoni.
Na kabla ya neno la kwanza
nikaisikia pumzi.
Ndogo, kama mtu anayefungua barua asiamshe watu.
Nimelala kando ya mwanamke huyu,
nimemsikia akikoroma, akigomba,
akilia nyuma ya mlango aliofunga kwa ufunguo.
Hii sikuwahi.
Miaka yote kiyoyozi kilikuwa kinaila.

Watu kumi na saba. Kumi na tisa.
Mmoja akatoka, Ghaliya akaona, akapandisha sauti.
Nunuu yuko Wete, mtandao wake unachechemea,
anaandika: sauti inakuja, uso umeganda,
umeganda mdomo wazi dada, nakuona jino la dhahabu.
Jasho linanishuka mgongoni hadi kwenye wizari.
Siruhusiwi kujipepea, ukili unasikika.
Siruhusiwi kukohoa.
Kidole changu kiko kwenye kitufe,
"sikudhani" inakuja, naijua inavyokuja,
nikakizungusha unywele mmoja tu,
taa ikataka kuwa nyekundu, ikaona haya.

Sasa amemaliza. Amevaa bangili zake, anakunywa maji.
Lakini simu uliyoiacha jikoni, Haitham,
iko nusu dakika nyuma,
na humo bado anaimba.
Nimesimama mlangoni baina ya wawili:
huyu anapangusa midomo kwa ncha ya leso,
yule ndiyo kwanza anaukaribia ubeti wa mamake,
na mkono wangu, wenyewe, unatafuta kitufe
ambacho hakipo ukutani.

"Washa basi hicho kiyoyozi, nafa na joto," asema.

Ngoja, namwambia.
Hujamaliza.