Mguu wa Kushoto

Mwalimu aliifungua kutoka gazetini,
chapa ya mbao ya Wajapani:
mwanamume wa kabuki katika kimono cha binti,
mguu mmoja juu, macho makengeza,
kagandishwa pale ngoma ilipokata.

Darasa zima, hapa Mbale, likaangua kicheko.
Mimi nikamwona Wepukhulu,
Agosti ile ya tohara, njuga mapajani,
shanga zangu, za kuazima, zikipishana kifuani pake,
unga wa wimbi umemganda usoni.
Hakunirudishia zote.

Tangu Jumatatu nachonga mvule.
Uso umetoka. Shanga pia, punje kwa punje,
hata zile zilizopotea.
Mguu ndio unanishinda:
naupaka wino ungali hewani,
nikibandua karatasi
umeshatua.