Hesabu ya Tarehe Mosi

Tarehe mosi Septemba haisogei.
Siku hiyo Rusnė anaingia darasa la kwanza,
na huku kwetu mtoto haendi shule mikono mitupu,
huenda na ua.
Basi nikaanzia hapo, nikahesabu kinyumenyume
kama nilivyohesabu miaka thelathini na mmoja
ofisini, kiwanda cha sukari, Panevėžys:
siku tisini kwa tunguu la mapema,
mia na kumi kwa lile jeusi linalojikokota.
Jibu: Mei, wiki ya pili.

Nikayatoa matunguu kwenye trei za mayai,
nikayamenya maganda, yakachakarika kama risiti za zamani,
nikayalaza usiku kucha katika maji ya dawa, ya zambarau.
Lile jeusi halina jina.
Mwanamke mmoja sokoni alinipa vitoto vyake
ndani ya kiberiti, akakataa senti zangu.

Zenonas akachungulia juu ya ua wake wa mbao:
"Vitunguu tena, Stanislava?"
Kila mwaka swali lile lile.
"Vitunguu," nikamjibu, "ila vya kwangu havimlizi mtu."
Shimo la kina cha kiganja,
konzi ya mchanga chini ili maji yasilale,
ncha juu. Fukia. Ngoja.

Kwa lugha yetu ua hili huitwa upanga mdogo,
na kweli, wiki ya tatu panga zikachomoza
kijani, bila ala, zikiwa zimejipanga
kana kwamba kuna wa kupigana naye.
Hakuna. Kulikuwa na Juni tu,
Juni ya mvua baridi, iliyokuja kazini kwa kuchelewa
na kuondoka mapema.
Nikayafunga mabua kwenye vijiti
kwa vipande vya soksi zangu ndefu za enzi za ofisi.
Agosti kumi, Rusnė akasimama kando ya lile jeusi.
Limempita kwa kichwa.
"Nataka hili," akasema.
Ningekuwa na akili ningemwonyesha jingine.

Agosti thelathini na moja: bua zima kijani,
vifumba vimebana midomo.
Nikalikata, nikalitia maji ya uvuguvugu
na nusu kijiko cha sukari
(kila mtu huamini kilichomlisha),
nikakaa nalo jikoni hadi saa nane za usiku
kama mtu anayetafuta senti tatu zilizopotea kwenye daftari.

Asubuhi, ua moja. La chini kabisa.
Jeusi kama maji ya ndani ya kisima,
na ukilielekeza kwenye dirisha, jekundu.

Langoni pa shule wenzake walishika mafungu ya dukani,
yamefunguka yote, yamefungwa utepe.
Nikainama. "Bibi amekosea hesabu. Siku sita."
Rusnė akalitazama bua toka chini hadi juu
kama anavyolitazama jengo letu tukirudi jioni.
"Si kitu. Ghorofa ya kwanza wameshawasha taa."

Na kila mchana akaniletea ripoti:
ghorofa ya pili. Ya nne, pande zote mbili.
Ijumaa mwalimu Danguolė alitupa maua ya wengine,
ndoo nzima, yamegeuka karatasi tepetepe;
bua letu akalipunguza mguu, akalirudisha dirishani.
Jumatatu ya pili:
"Bibi, juu kabisa kuna mtu mdogo sana."

Oktoba, kabla ya jalidi, nikachimba.
Tunguu jipya, nene, linang'aa,
na chini yake lile la Mei
limekunjamana, kavu, jepesi kama kifungo cha koti,
bado limeng'ang'ania.
Ukilisokota kwa dole gumba linabanduka bila sauti.
Nilitafuta safu ya kuliandika. Sikuiona.
Nikalitia mfukoni mwa aproni, limo hadi leo.

Vitoto kumi na vinne. Vitatu nimempa Zenonas,
aache kuuliza.
Kwenye trei, Rusnė ameandika jina kwa herufi zake mpya,
moja imegeuka nyuma: GHOROFA.
Na mimi, chini yake: Mei, tarehe nne.
Kwa penseli.